Firigisi ya Aliyemrudisha Gwakisa Chini

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema, ni zamani hii ya juzi tu, ya simu za tochi, huko Kyela palikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma aliyeitwa Gwakisa. Wenzake walichomelea mageti, naye akachomelea mageti. Wenzake wakipumzika, yeye anachomelea ndege. Ndege ya kupanda mtu. Miaka minne. Mabomba ya maji yakawa kiunzi, turubai likawa mabawa, injini ikatoka kwenye gari dogo lililopinduka, na rafiki yake Lugano, seremala, akachonga pangaboi la mbele, la mti wa mninga.

Mkewe Tumpe alikuwa na mtoto wa miezi saba mgongoni na hofu ya miaka minne kifuani. Alimaliza kidato cha nne, fizikia akapata D, na hiyo D ilimtosha kujua mambo.

"Baba Atupele," alisema, maneno yakikimbizana, "rubani husomea, wewe umesomea wapi, na ukipanda utashukaje, na ukianguka huyu mtoto nije nimwambie baba yake alikufa kwa turubai?"

"Kushuka si kazi," Gwakisa akajibu. "Hakuna kilichopanda kikabaki huko."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Mpunga ukavunwa, majaruba yakakauka, majaribio yakaanza. Siku ya kwanza ndege ikakimbia chini tu, ng'ombe wakakata kamba. Siku ya pili ikaruka kimo cha mbuzi, ikatua. Siku ya tatu Gwakisa akatangaza: leo napaa. Akaingia bafuni kuoga na kunyoa ndevu kama bwana harusi, ndege akaiacha uani peke yake.

Peke yake? Subirini.

Tumpe akaja. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akafungua tangi, akaimimina petroli kwenye dumu mpaka ikabaki ya kuchuruzika. Akajisemea, isipowaka haipai. Akaondoka.

Mama yake Gwakisa akaja. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Alikuwa amekumbatia jiwe la kusagia, zito kama ndama. Akalisukumia ndani ya pua ya ndege, akalifunika gunia. Akajisemea, kizito hakiruki. Akaondoka.

Lugano naye akaja. Akatazama kulia, akatazama kushoto, tena akatazama na nyuma, maana yeye alikuwa na lake. Lile pangaboi lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Aliuona siku ile ile alipomaliza kuchonga, akauziba kwa gundi na masizi, akaona aibu kusema. Akafunga kamba ya katani mkiani, hatua thelathini, akaificha majanini. Akajisemea, ikianza kukimbia nitaishika, haifiki mbali. Akaondoka.

Gwakisa akatoka bafuni ananukia sabuni.

Ndege ikawaka. Ikakimbia. Lugano akaidaka kamba, kamba ikamchoma viganja, akaiachia. Ikapaa. Ikapita juu ya michikichi, kamba inaning'inia nyuma kama mkia wa nyani. Kijiji kizima kikapiga vigelegele, isipokuwa watu watatu waliokodoa macho, kila mmoja akidhani ni yeye tu mwenye siri.

Kule juu furaha ikamzidi Gwakisa. Akavuta usukani kwa nguvu zote, ndege isimame wima iende mbinguni. Pua ikainuka kidogo, ikagoma. Akavuta tena, ikagoma tena. Akageuza kuelekea Ziwa Nyasa. Hapo injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Tumpe akakaa chini pale pale, mtoto mgongoni. "Ni mimi," akasema. "Nimemuua, ni mimi, nimemuua." Hakuna aliyemsikia.

Ndege ikashuka kwa mlalo, ikajibamiza kwenye jaruba, ikaendelea kukimbia kuelekea mtoni. Breki fundi wetu hakuweka. Lugano, aliyekuwa akiifuata mbio tangu ilipopaa, akairukia kamba, akaburutwa kwa tumbo majaruba mawili, kwenye la tatu akakuta kisiki, akaizungusha hapo. Ndege ikasimama, gurudumu la mbele linachungulia maji.

Gwakisa akashuka mzima, anacheka. Kisha akaanza kukagua. Tangi kavu. Kamba mkiani. Na pangaboi, ule ufa sasa unaingia kidole. Akafunua gunia.

"Na hili jiwe la kusagia," akauliza taratibu, "lilikuwa linasafiri kwenda wapi?"

Siri zote tatu zikatoka.

Baba yake, Mzee Mwakalinga, akachinja jogoo. Kwa miaka arobaini firigisi ya nyumba ile haikujua kinywa kingine ila chake. Siku hiyo akaiweka peke yake kwenye bakuli, akasema, "Leo siili. Ataila aliyemrudisha mwanangu akiwa hai. Na atakayeila ndiye mwenye neno la mwisho: ndege hii ipae tena, au ivunjwe."

Tumpe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, kwani kwa mila ya pale mke wa mwana haonekani mbele ya baba mkwe. Alipolisikia neno "ivunjwe" akasogea dirishani.

"Firigisi ni yangu," akasema mama mkwe. "Jiwe langu ndilo lililoikalia pua. Bila hilo angesimama wima akaanguka kinyumenyume kama mlevi mlimani. Nikiila, atapaa tena Jumapili, apite juu ya paa la Mama Bupe anayesema mwanangu ana wazimu."

"Mama, jiwe lako ndilo lililoifanya ikimbilie mtoni kama lori la mchanga," akasema Lugano. "Aliyeisimamisha ni mimi. Tazameni tumbo langu."

"Tumbo tumeliona," akasema mama mkwe. "Tuoneshe na ufa."

Lugano akalifunika tumbo. "Nikiila, nitachonga jingine, zima, ndipo apae."

Sauti ikatoka dirishani, mbiombio. "Baba, nisamehe nasema bila kuonekana, lakini ufa ule ungepasukia juu ya ziwa, injini ikiwa inazunguka, tusingeokota hata kiatu. Mimi ndiye niliyeizima. Pitisheni bakuli hapa nile, ndege ivunjwe, turubai tuezekee choo."

"Mke wangu," akasema Gwakisa, "umenizimia injini angani."

"Nimekuzimia ukiwa bado una pangaboi."

"Na mimi niliyeshika usukani, sina hata kipapatio?"

"Wewe ndiye uliyepanda," wakamjibu wote watatu.

Mzee kashika bakuli, mafuta yanaganda. Mama mkwe kasogeza kigoda. Lugano viganja vimejaa malengelenge, kijiko hakishikiki, kaachama mdomo tu. Na dirishani umetokeza mkono wa Tumpe, kiganja juu, hauondoki.

Firigisi ni moja, haigawanywi, na Jumapili inakaribia. Enyi mliokaa mkacheka, amueni ninyi: je, nani alistahili?