Beki wa Kinyumenyume

Kerwin Batiste alikuwa mrefu, mwepesi wa miguu, na majivuno yake yangewatosha watu wawili. Katika mji wao wa mashamba ya miwa, kusini mwa Louisiana, hakuna asiyemjua kuwa mdakaji hodari wa pasi katika timu ya shule ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kurusha mpira kwa mikono na kuvaa kofia ngumu. Mwaka wake wa mwisho, Kocha Fontenot akamhamishia kwenye ulinzi. Kazi ya beki ni kukimbia kinyumenyume huku akimtazama mshambuliaji, hadi ajue atakata kuelekea upande gani. Kerwin aliidharau.

"Mwenye mbio kama zangu arudi nyuma kwa nini?" alisema.

Ijumaa ya kwanza alikiona cha mtema kuni. Alirudi nyuma hatua tatu, wima kama mlingoti, akaogopa kupitwa, akageuka mapema. Mshambuliaji alikuwa akilingojea hilo tu. Akakata upande wa pili, akadaka pasi, akafunga. Kosa hilo hilo likajirudia. Jumapili, baada ya misa, bibi yake hakumhurumia.

"Mjukuu wangu, wale watoto walikupita kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria!"

Jumatatu kocha akamwita. "Una wiki mbili. Usipojifunza kurudi nyuma ukiwa umeinama, msimu utaumalizia benchi."

Kerwin aliingiwa na hofu ya kweli. Hakuna chuo kikuu kilichokuwa kimemwita bado kuchezea timu yake, na nani amwone mchezaji wa benchini?

Bingwa wa mwendo huo alikuwa Remy Guidry, beki wa upande wa pili, mfupi, mdogo wake kwa miaka miwili. Kerwin alizoea kumwita Kisoda na kumbebesha kofia yake ya mchezo. Siku tatu alimzungukazunguka. Siku ya nne akajikaza.

"Remy, ndugu yangu, nifundishe."

"Ebo! Kumbe nina jina?"

"Tafadhali, bwana. Nimekwama."

Remy akampeleka kwenye kizimba cha mabomba chenye paa la kimo cha kifua, ambamo wachezaji wanene wa mstari wa mbele hufunzwa kutoinuka. Wenye mbio hawakuwahi kukanyaga humo.

"Karibu kwa wanene, staa!" wakamzomea.

Akaingia kinyumenyume. Ngo! Kofia ikagonga bomba. Wanene wakashika mbavu.

"Kifua juu ya magoti," Remy alisema bila kucheka. "Hatua fupi. Tazama kiuno cha mshambuliaji. Mabega yana uongo mwingi."

Mapaja ya Kerwin yaliwaka moto, na aibu ilimchoma zaidi. Hata hivyo kesho yake alirudi, na keshokutwa.

Wiki mbili zikaisha. Ijumaa hiyo walikuwa mbele kwa pointi tatu, sekunde sita zimebaki. Mshambuliaji akamjia kasi, akatikisa mabega. Mwili mzima wa Kerwin ulitamani kugeuka. Akauzuia, akabaki ameinama, hatua fupi fupi, mpaka kiuno cha mshambuliaji kilipoelekea kati. Hapo akakita mguu, akachomoka. Mpira aliorushiwa mshambuliaji ukagonga kiganja cha Kerwin, ukaanguka majanini, ushindi ukawa wao, na uwanja ukalipuka kwa vifijo.

"Umejifunzia wapi, kijana?" kocha aliuliza, akimtikisa kwa furaha.

Timu nzima ilikuwa imewazunguka. Kerwin akapaza sauti ili hata wa nyuma wasikie.

"Kwa Remy, kocha. Ndani ya kizimba cha wanene."

Jumatatu jina la Kerwin lilikuwa la kwanza katika orodha ya mabeki. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.