Jina la Mtoto wa Tulibako

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na mwenye simu aizime. Nina kesi imenishinda, na mimi sipendi kushindwa.

Pale hospitali yetu ya milimani, ambako kazi yangu ni kupokea wagonjwa na kuandika majina, kuna wanawake watatu wanaotunza mtambo wa wachangiaji damu. Sekela ana jicho: kompyuta ikilalamika, yeye hulisoma lile lalamiko mpaka mwisho, wakati sisi wengine tunapiga meza. Bupe hatupi kitu. Programu za zamani, nakala za nakala, zote anazo kwenye diski yake, na tunamcheka. Subilaga peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kuiamrisha hifadhidata, yaani ghala la taarifa zote, na anafuata kanuni hadi anakera.

Mtambo wenyewe ni hivi. Unaandika kundi la damu, unakuonyesha nani analo na yuko umbali gani. Kila sehemu yake imefungiwa kwenye kontena. Si la bandarini, ni la ndani ya kompyuta, kama tranka la mwanafunzi wa bweni: unachohitaji kiwemo humo, kisipokuwemo umekwisha. Na ili lipime umbali, kontena la hifadhidata lazima liwe na kiongezo cha ramani, yaani kijiprogramu kinachopachikwa humo.

Asubuhi moja Tulibako alijifungua mtoto wa kike, kisha damu ikakataa kukatika. Kundi lake ni adimu na jokofu letu halikuwa nalo. Mkunga akanituma mbio chumba cha kompyuta. Tukaandika kundi, mtambo ukajibu kwamba kiongezo hakipo. Jina hata moja haukutupa.

Ambokile, mumewe, akaja kusimama mlangoni, kofia mkononi. "Bado?" akaniuliza mimi, utadhani najua kitu.

"Bado, ndugu yangu."

"Atakayemwokoa mke wangu, mtoto huyu atabeba jina lake," akasema. Katika ukoo wa Ambokile hilo si neno la mchezo. Mtoto humwita mwenye jina mama au baba, na akikua humtunza kama aliyemzaa.

Vijana wa kompyuta walikuwa wanahangaika na kontena la programu, wanakitafuta kiongezo humo, wanazima, wanawasha, hola. Sekela akawasogeza, akasoma lalamiko lote. "Mnapekua tranka la mtu mwingine," akasema. "Kinachotakiwa kinatakiwa kwenye kontena la hifadhidata." Halafu nikaona uso umemshuka. Kiongezo kile alikiweka yeye mwenyewe kwa mkono mwaka jana, na kwenye maelekezo ya kuundia kontena hakukiandika. Kila siku alisema ataandika kesho. Jana yake kontena lilikuwa limeundwa upya kwa maelekezo yaleyale, likazaliwa bila hicho kitu. Hakuna aliyemgombeza, maana kugombeza kusingeleta damu.

Sasa lilitakiwa kontena lenye kiongezo, na mtandao siku hiyo, kwa mvua ile, ulikuwa wa kukaa na kuutazama tu. Bupe alikuwa likizo, nyumbani kwake bondeni. Tukampigia. "Ninalo," akasema, "la zamani kidogo, lakini ninalo." Akapanda bodaboda kwenye matope, wakaanguka njiani, akainuka, wakaendelea. Aliingia mkono umevimba, diski ameifunga kifuani kwa khanga. Safari hii hatukumcheka.

"Bado?" akauliza Ambokile. Nilimsogezea kiti, akakataa kukaa.

Kontena jipya likasimama, lakini ghala likagoma kukipokea kiongezo mpaka liamriwe na mwenye mamlaka. Kanuni inasema Subilaga asitoe amri kama hiyo bila ruhusa ya mkuu wake, na mkuu alikuwa safarini, simu haipatikani. "Nikikosea nimefuta wachangiaji wote wa milima hii," Subilaga akasema. Alimtazama yule mume pale mlangoni, akabonyeza.

Majina yakatokea. Wa kwanza alikuwa fundi seremala wa mtaa wa pili, akaja na vumbi la mbao kichwani, akalala, akatoa. Tulibako yupo hai, na jana aliomba uji.

Fundi tulimuuliza habari ya jina. "Mtoto wa kike aitwe Andendekisye kama mimi? Niacheni," akasema, akarudi kwenye randa yake.

Wamebaki hao watatu. Bila Sekela tungekuwa bado tunapekua tranka lisilo lenyewe, ila bila kesho yake ile tusingefika huko. Hadai kitu, analia tu, na mimi kilio chake kinaniuma. Bupe hakujaliwa mtoto, na tangu juzi haachi kupita wodini na mkono wake wa bandeji, anamwangalia yule binti. Subilaga amesimamishwa kazi kwa ile amri. Ameniambia wazi, "Kazi imekwenda. Jina nalo likienda, mimi nilibonyeza kwa ajili gani?"

Ambokile ameshindwa kuchagua, akaniachia mimi, eti kwa kuwa kuandika majina ndiyo kazi yangu. Wanaruhusiwa leo. Kwenye kitambaa cha mkono wa mtoto nimeandika "wa Tulibako," nikaacha nafasi mbele yake, na kalamu ninayo hapa. Baba yake amesimama mlangoni, kofia mkononi, ananiuliza, "Bado?"

Haya, nyinyi mliosikia yote: kalamu hii ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?