Miche Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Wapendwa, ukiletewa zawadi, ungependa iwe elfu mbili mia tano, au elfu mbili mia tano na ishirini? Naona wengine mnatabasamu. Mnapenda sifuri nyie! Inatangazika vizuri kwenye maikrofoni.

Kulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyeotesha miche ya parachichi nyuma ya nyumba yake. Mvua ilipobomoa mashamba ya kijiji, akalipatia kanisa lake miche elfu mbili mia tano na ishirini, vikundi vya wakulima vigawane sawasawa. Kamati ikapokea kwa vigelegele. Halafu, kama kawaida yetu, ikatoa ishirini ya wageni wa meza kuu.

"Si tunapata round figure?" mwenyekiti akasema. "Vikundi vitano, mia tano kila kimoja. Safi!"

Siku ya kugawa wakatokea watu wa mlimani, vikundi viwili, wale ambao matope yalishuka na migomba yao yote. Mwenyekiti akapiga hesabu kwa saba, akatikisa kichwa.

"Poleni sana. Kwa saba unabaki mche mmoja, utaleta ugomvi. Ngojeni msimu ujao."

"Mlima uko uchi, mzee," mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamjibu. "Mvua ijayo itashuka na nyumba. Tuungojee wapi? Huko chini kwenye matope?"

Mwalimu akasimama. "Mwenyekiti, ishirini yangu iko wapi?"

"Ah, mwalimu! Ishirini tu?"

"Irudishe. Kisha gawa kwa saba."

Ikatolewa kwenye buti za magari ya wageni, watu wakiguna. Kila kikundi kikapata mia tatu na sitini. Haukubaki hata mche mmoja.

"Ulijuaje vikundi vitafika saba?" mwenyekiti akauliza, jasho linamtoka.

"Sikujua. Vingefika tisa, kila kimoja kingepata mia mbili na themanini. Elfu mbili mia tano na ishirini inagawanyika kwa kila namba, moja mpaka kumi, bila baki, na hakuna ndogo kuliko hiyo inayoweza. Niliitafuta kwa ajili ya mtu ambaye sikujua kama atakuja."

Jamani! Mtu ambaye sikujua kama atakuja. Si ndiye mimi? Si ndiye wewe? Sisi tuliofika tumechelewa, na matope miguuni, tulikuwa tumeshahesabiwa. Pumzi ya asubuhi hii, udongo, akili, yule shangazi aliyekupunguzia sahani yake mpaka ukamaliza chuo: Mungu hakukadiria kwa macho. Thank you, Lord, na nasema kwa moyo wote.

Kwa hiyo tusimsingizie kwamba alitoa pungufu. Kuna binti ana digrii, viatu vimeisha soli kwa kuzunguka maofisini, kila mlango anaambiwa nafasi hazitoshi. Hazitoshi, ama zimepunguzwa kwanza? Be honest, please.

Nyie mnaogawa ajira, mlioko maofisini na mlioketi hapa mbele: rudisheni nafasi mlizowawekea wenu, mgawe upya, mchana, mbele ya watu wote. Wiki hii.