Jukwaa la Kokoto Stars

Hapo zamani, si zamani ile ya fisi na sungura, ni hii ya juzijuzi ambapo tiketi za mpira zilikuwa zikichanwa kwa mkono, palikuwa na mji wa wavunja mawe ukiitwa Kisengema, na mji huo ulikuwa na timu yake, Kokoto Stars. Sogeeni karibu. Kisa hiki nimekisimulia miaka mingi na bado sijapata mtu wa kunijibu nikaridhika.

Kokoto Stars ilikuwa timu, wacheni mchezo. Ilikuwa na basi lake, ina jezi za nyumbani na za ugenini, ina jukwaa la chuma lenye paa la bati, kivuli pekee katika uwanja mzima. Watu mia sita walikaa pale wakaenea. Mtunza uwanja alikuwa mama mmoja mjane, Bi Sikudhani. Yeye ndiye aliyefagia, aliyechora mistari kwa chokaa, na siku ya mechi ndiye aliyesimama langoni. Mji mzima ulipita mbele yake, na kila mtu alimjua kwa jina.

Kisha akachaguliwa Mwenyekiti Kilimba. Mwenyekiti huyu alikuwa na imani moja, kwamba mechi haichezwi uwanjani. Akaunda kamati ya ufundi. Msidhani ni mafundi, ndugu zangu. Hilo ni jina la heshima la watu wanaokwenda kwa mganga kwa niaba ya timu. Na mganga mwenyewe alikuwa Mzee Ngoda, aliyekaa nyuma ya machimbo.

Pesa za mafuta ya basi zikaenda kwa Mzee Ngoda. Basi likalala, likauzwa. Mashabiki wakasema: si kitu, timu itapanda lori. Pesa za mishahara zikaenda kwa Mzee Ngoda. Wachezaji wazuri wakafungasha mabegi. Mashabiki wakasema: si kitu, vijana wapo. Pesa za jezi zikaenda kwa Mzee Ngoda, ingawa nyingine, tuseme ukweli, zilikata kona njiani zikawa matofali ya nyumba ya Mwenyekiti. Mashabiki wakasema: si kitu, jezi haifungi goli. Na kweli haikufunga. Timu ikapigwa nyumbani, ikapigwa ugenini, mpaka ikabaki mechi moja ya mwisho. Wakishindwa, wanashuka daraja.

Sasa lile jukwaa. Nguzo zake zilikuwa zimeliwa na kutu, na miaka miwili nyuma Fundi Semhando, mchomeleaji, alikuwa ameziwekea vyuma kumi na viwili vya kuzishikilia. Vyuma vyake, gesi yake, jasho lake. Akaambiwa njoo kesho. Akaja kesho. Akaambiwa njoo Jumatatu. Akaja Jumatatu. Mwisho akaja na spana mchana kweupe, akafungua vyuma sita akavitia kwenye mkokoteni.

"Nusu nawaachia kwa utu," alisema. "Nusu nakwenda navyo. Siku mkinilipa nitavirudisha."

Mwenyekiti alikuwa amesimama palepale, mikono mfukoni. "Chukua, Fundi. Jukwaa hili limezindikwa na Mzee Ngoda. Halisimami kwa vyuma vyako."

Mechi iliyofuata Fundi aliangalia jukwaa likiwa limejaa watu, akaliona linapumua. Tangu siku hiyo, kila mechi, alisimama nje ya lango akipiga kelele: "Jamani, jukwaa litaanguka! Msikae jukwaani!" Na kila mechi mashabiki walimjibu kwa kicheko: "Kalipwe kwanza, Fundi!" Wakapita, wakapanda, wakakaa. Na yeye, pamoja na kelele zake zote, vyuma vilibaki kwake vimeegemea ukuta.

Bi Sikudhani hakucheka. Yeye ndiye aliyefagia chini ya jukwaa asubuhi baada ya mechi. Mara ya kwanza aliokota nati moja. Mara ya pili akaokota tatu. Mara ya tatu akaokota za kujaza kiganja, na nguzo ya kati ilikuwa imeacha ufa kwenye sakafu, ufa wa kuingiza kidole. Aliingiza kidole chake. Akaona kwa macho yake mabenchi yale yamejaa, akaona mama Zena na watoto wake wanne, akaona wazee wa machimbo na fimbo zao, wote wanaomsalimia langoni. Aliogopa mpaka fagio likamtoka mkononi.

Akaenda kwa Mwenyekiti. "Mheshimiwa, jukwaa litaua watu. Lifungwe."

"Tiketi za jukwaani zimeshauzwa, mama. Unataka nikazitapike?" Na hapohapo akamnyang'anya funguo, asije akalifunga mwenyewe.

Akaenda kwa afisa michezo. Afisa akamsikiliza vizuri, akamkaribisha na kiti. "Lete barua ya klabu yenye muhuri, mama, nami nitachukua hatua." Muhuri ulikuwa wapi? Mezani kwa Mwenyekiti.

Akawaambia mashabiki sokoni. Wakasema, "Ahaa, Fundi Semhando amekutuma!"

Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya ile mechi ya mwisho. Bi Sikudhani akajitanda kanga, akakata njia ya machimbo mpaka kwa Mzee Ngoda. Mganga alikuwa anakoroga uji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutafuta mume au kwa ajili ya timu?"

"Kwa ajili ya watu. Mzee, nakuomba useme jukwaa limerogwa. Useme asikae mtu."

Mzee Ngoda akaweka mwiko chini. "Limerogwa?"

"Limeoza. Lakini wakiambiwa limeoza wanacheka. Ukisema wewe limerogwa, hatapanda mtu."

"Unataka niseme uongo."

"Mzee wangu, nisamehe, lakini mbona kila Jumamosi unasema?"

Angekuwa mganga mwingine angemfukuza. Huyu alicheka hadi akakohoa. "Mimi ndiye niliyelizindika," alisema. "Nikisema limerogwa, nakiri kwamba kinga yangu imeshindwa. Jina langu litakufa. Nitakula nini?"

Bi Sikudhani alilia tu, machozi ya woga.

"Haya," alisema mganga. "Nitasema. Lakini utakula kiapo. Hutamwambia mtu yeyote kwamba ni uongo. Akisikia mmoja, watasikia wote, na wakijua nimedanganya kwa hili watasema nimedanganya kwa yote. Tena watakwenda kukaa jukwaani kwa hasira. Apa kwa kaburi la mumeo."

Bi Sikudhani akaapa.

Siku ya mechi Mzee Ngoda alifika mapema, amejifunga kaniki. Akalizunguka jukwaa mara saba, akaanguka chini, akatoa povu ambalo mpaka leo sijui alilitoa wapi. Alipoinuka akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Kuna kitu kimefukiwa humu! Kimenishinda nguvu! Atakayekaa hapa leo ameiua timu na amejiua mwenyewe, na kilichofukiwa hakichagui jezi!"

Mnadhani kulikuwa na mjadala? Watu waliokuwa wakimcheka Fundi kila wiki walikimbia wakaacha hadi kandambili. Wenye tiketi za jukwaani wakajipanga juani, wamejifunika magazeti kichwani, na hakuna aliyedai arudishiwe hata senti. Mwenyekiti alifura kwa hasira, lakini angesema nini? Mganga ni wake.

Bi Sikudhani, langoni, akavuta pumzi ya kwanza baada ya siku nyingi. Jukwaa lilikuwa tupu, hata Fundi alikuwa ameacha kelele akaenda zake. Basi hapo ndipo alipofika Mwalimu Mdoe.

Mwalimu Mdoe alifundisha hesabu miaka thelathini. Ndiye aliyemfundisha Bi Sikudhani kusoma, ukubwani, katika darasa la jioni, wala hakumcheka alipokosea. Na katika Kisengema nzima ni yeye peke yake aliyesema waziwazi kwamba uganga wa mpira ni upuuzi unaokula timu. Alikuwa safarini wiki kadhaa. Habari za kelele za Fundi hazikumfika. Akatazama jukwaa tupu, akatazama umati unaoungua na jua, akasikitika.

"Bi Siku," alisema, "nini tena?"

"Mzee Ngoda amesema limerogwa, Mwalimu."

"Hayo ya Ngoda nimeyasikia barabarani. Nakuuliza wewe. Wewe unajua kusoma na kuandika. Kuna nini pale?"

Nyuma ya Mwalimu walikuwa wamebanana watu hamsini, masikio yamesimama. Nyuma ya hao, mia sita juani. Bi Sikudhani alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa umefika kwenye ulimi. Akawaza: nikisema limeoza, Mwalimu hatapanda, lakini hawa watasema kumbe ni mambo ya Fundi, kumbe hakuna uchawi, na kivuli kile kinawaita. Akawaza kiapo. Akawaza mama Zena na watoto wanne.

"Limerogwa, Mwalimu," alisema. "Nakuomba. Usipande."

Mwalimu alimwangalia kwa huzuni, kama mtu aliyepoteza mwanafunzi. "Hata wewe," akasema. Akatoa tiketi yake, akapanda, akakaa katikati kabisa ya jukwaa, peke yake, ili mji umwone.

Bi Sikudhani hakuuona mpira siku hiyo. Aliitazama nguzo ya kati. Kipindi cha kwanza kikaisha, nguzo imesimama. Mara mbili alipiga hatua kwenda kumwita, na mara mbili aliwaona watu kadhaa wanalitazama jukwaa kwa tamaa, wakinong'ona, "Mbona Mwalimu hajadhurika?" Akarudi. Akaomba Mungu timu isifunge, yeye aliyeipenda timu ile kuliko chakula, maana aliogopa hata mtu kupiga makofi.

Dakika ya themanini Kokoto Stars wakafunga. Uwanja ukalipuka. Na Mwalimu Mdoe, mtu mzima, mtu wa hesabu, akaruka juu kwa furaha mara moja tu.

Jukwaa lote likalala chini.

Walimtoa Mwalimu akiwa hai. Mguu wa kulia haukuokolewa. Kokoto Stars ilishinda mechi, uwanja ukafungiwa, na mwaka haukupita klabu ikafa, maana haikuwa na kitu tena cha kuuza. Na mjini watu walisemaje? Walisema: "Mnaona? Mzee Ngoda alituambia!" Mganga akapata wateja kuliko zamani.

Bi Sikudhani alivumilia wiki tatu. Ya nne akaenda hospitali, akapiga magoti kando ya kitanda, akavunja kiapo. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana. Alisema tu, "Itisheni mkutano."

Diwani akaambiwa yote, akaitisha. Watu wakajaa, Mwalimu akaletwa akitembelea magongo. Diwani akasema: "Mwalimu hana mtoto wala mke. Anahitaji mtu wa kumlimia, wa kumpeleka hospitali, wa kumtekea maji, mpaka siku mmoja kati ya wawili hao atakapozikwa. Tukisema tutamsaidia wote, mnajijua, hatakwenda hata mmoja. Mumtaje mtu mmoja mwenye deni la mguu huu."

Mwenyekiti Kilimba akasimama. "Nilikula pesa, sikatai. Lakini siku ile jukwaa lilikuwa tupu. Nani aliyempandisha Mwalimu? Pesa haimshiki mtu mkono."

Fundi Semhando akasimama. "Vyuma ni vyangu na sikulipwa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mlicheka. Aliyeonya hana lawama."

"Aliyeonya huku amefungia dawa nyumbani?" akauliza mtu, na Fundi akakaa.

Mzee Ngoda akasimama, akiegemea fimbo. "Nilidanganya, tena niliombwa. Uongo wangu umewatoa mia sita hai, na nyote mnaonitazama kwa chuki mnapumua kwa uongo huo. Mwalimu nilimwonya na yeye. Akachagua kutoniamini."

Mwalimu Mdoe akasema akiwa amekaa: "Sikumwamini kwa sababu hajawahi kusema kweli. Nilimuuliza mtu niliyemwamini. Neno moja lingetosha. Limeoza. Nisingepanda."

Bi Sikudhani akainuka, kanga imelowa machozi. "Lingetosha kwako, Mwalimu wangu," alisema. "Lakini sikuwa na wewe peke yako. Ningekunong'oneza, wangeuliza nimenong'ona nini. Niliwaona wanavyokitamani kile kivuli. Niliweka mguu wako upande mmoja na watoto wa mama Zena upande mwingine, na nilichagua. Sijui kama nilichagua vizuri. Kila siku nasikia lile bati likianguka. Naogopa kwamba palikuwa na njia ya tatu na mimi sikuiona." Akakaa.

Mama Zena alikuwa mstari wa mbele na watoto wake wanne. Akawavuta karibu, akatazama pembeni.

"Basi," akasema Diwani, "kila mtu anyooshe mkono kwa yule anayemtaja."

Bi Sikudhani aliinamisha uso hadi magotini. Alisikia nguo zikichakarika, mikono ikinyanyuka, mamia ya mikono, na yote ni ya wale waliomcheka Fundi na kukimbia kwa neno la mganga. Hakuthubutu kutazama inaelekea wapi.

Nami nawaachia hapohapo, mikono ikiwa bado hewani. Yuko aliyekula, yuko aliyefungua vyuma, yuko aliyedanganya, yuko aliyeuficha ukweli, na wako waliocheka. Haya, mnaonisikiliza: je, nani alistahili kuubeba mguu wa Mwalimu Mdoe, na mkono wako wewe ungemnyooshea nani?