Samaki wa Bi Mwantumu na Waliobaki Nao

Hapo zamani za juzi, umeme ukiwa umeshafika Korogwe lakini haujazoea kukaa, palikuwa na fundi cherehani jina lake Bi Mwantumu. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na tangi la kioo, na ndani yake samaki wadogo wekundu, mikia imetanda kama shela ya bi harusi. Akishona, wao wanaogelea. Akichoka, anawatazama. Akila, nao wanakula.

Bi Mwantumu hakuwahi kusafiri. Kila mwaka dada yake aliyeolewa Bukoba humwita, na kila mwaka yeye hujibu, "Samaki wangu nitamwachia nani?"

Mwaka huo Bi Nakijwa, jirani wa mlango wa pili, akamwambia, "Shoga, nenda ukapumzike. Nipe ufunguo. Samaki wako ni wanangu."

Bi Mwantumu akampa ufunguo na kopo la chakula. "Asubuhi tu, shoga. Kiasi cha kushika kwa vidole viwili, usizidishe." Kisha akawaonyesha majirani kitangi kipya cha kioo, kidogo, cha kuweka mezani. "Nikirudi nikawakuta wazima, aliyewaweka hai nitampa kitangi hiki na jozi ya samaki, dume na jike." Akapanda basi, akaenda zake.

Bi Nakijwa akaishika kazi. Mvua ikinyesha, yupo. Mguu ukimvimba, yupo, anachechemea. Lakini moyo wake ulikuwa wa huruma mno. Akiingia tu, samaki hukimbilia kioo midomo wazi.

"Masikini, mama yenu kaondoka, na njaa juu?"

Asubuhi akawapa. Mchana akawapa. Jioni akawapa tena, na chembe za mkate. Samaki wakala, naye akafurahi. Maji yakaanza kufanana na uji. Siku moja akawakuta wote wameelea juu, wanatweta. "Hawajashiba hawa," akasema, akafungua kopo.

Kibanda cha Shemdoe kinyozi kilitazamana na nyumba hiyo. Alimsikia akiwabembeleza, akaja kuchungulia. Kaka yake aliwahi kufuga samaki, kwa hiyo harufu ile aliijua.

"Dada, funga kopo. Chakula kimeoza chini, maji yamechafuka."

"Unataka wafe njaa?"

"Samaki hafi kwa kufunga siku chache. Hawa watakufa kwa shibe."

Bi Nakijwa hakusikia. Mchana akawapa tena. Basi Shemdoe akangoja ageuke, akalichukua kopo, akalifungia kwenye sanduku la mashine zake za kunyolea. Bi Nakijwa akapiga kelele mtaa mzima: "Shemdoe mwizi! Shemdoe anaua viumbe wa watu!" Wateja wakaanza kwenda kunyoa kwingine. Hata hivyo Shemdoe hakulitoa kopo.

Uchafu ukaacha kuongezeka, lakini uliokuwamo ulibaki, mvua ilikuwa imekatika, na mabomba ya mtaa yalikuwa makavu. Ndipo akaja Zaina muuza mboga. Alikuwa na pipa la maji ya mvua, akiba ya bustani yake ya mchicha. Akawatazama samaki, akamtazama Bi Nakijwa anayelia. Akaleta ndoo. Akachota maji machafu kidogo, akatia safi kidogo. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa hivyo hivyo, mpaka pipa likakauka. Mchicha wake ukanyauka wote kwa jua.

Maji yakang'aa. Samaki wakashuka, wakacheza. Bi Nakijwa akajua kwamba Shemdoe alisema kweli, akaona haya.

Asubuhi moja upepo ukaangusha nguzo, umeme ukakatika, na kimashine kinachopuliza hewa ndani ya tangi kikanyamaza. Samaki wakapanda juu tena, vinywa wazi. Shemdoe alikuwa ameenda msibani, Zaina yuko sokoni. Bi Nakijwa akashika kikombe. Akachota maji ya tangi, akayamimina humo humo kutoka juu, yakaanguka na mapovu ya hewa. Akachota, akamimina. Hakupika, hakula. Mkono wa kulia ulipokufa ganzi, akahamia wa kushoto. Umeme ulirudi jioni, ukamkuta bado anamimina.

Simu ikalia. Alikuwa Bi Mwantumu, anacheka kama msichana. "Shoga, nimeliona ziwa! Samaki wangu hawajambo?"

"Wazima. Wewe kaa ule senene, panzi watamu wa huko."

Bi Mwantumu akarudi amenawiri, na furushi la kahawa. Akawakuta samaki wote hai. Akasimuliwa kila kitu, naye akacheka na kufuta machozi. Bi Nakijwa akamwomba Shemdoe radhi mbele ya watu, Shemdoe akapokea. Wakanywa kahawa. Kisha kitangi kikaletwa, jozi imo ndani.

Bi Nakijwa akasema, "Nilikosea, sikatai. Lakini niliyeaminiwa ni mimi, sikukosa hata siku moja, na pumzi ilipowaishia, walipumua kwa mkono wangu."

Shemdoe akasema, "Kwa ajili yao niliitwa mwizi. Nisingelificha kopo, maji ya Zaina yangechafuka siku ile ile, na kikombe chako, dada, kingewamiminia maiti."

Zaina akasema, "Mimi sikuahidi kitu wala sikumkosea mtu. Kopo lilifichwa, lakini uchafu ulibaki pale pale. Mchicha wangu ulikufa wao wakapona."

Bi Mwantumu akamtazama huyu, akamtazama yule. Hakuona mwongo. Kitangi ni kimoja, na dume bila jike ni upweke. Akabaki amekishika mikononi, anatabasamu, hajui ageukie wapi.

Haya, ninyi mliosikia: kitangi kile kiende mlango upi? Kwa aliyeaminiwa, kwa aliyetukanwa, au kwa aliyejinyima bila kuombwa? Je, nani alistahili?