Fisi Madoa na Gari Lililopunguzwa

— Paukwa!

— Pakawa!

— Mmeitika kivivu. Mmekunywa maji leo?

— Tumekunywa!

— Basi itikieni kama watu waliokunywa maji. Paukwa!

— Pakawaaa!

— Nina ngano hapa.

— Ilete!

— Ni ya uongo.

— Ilete hivyo hivyo!

— Ina gari ndani yake.

— Litupitie tulione!

Haya, sogeeni. Na nyie wa nyuma acheni kuvutana masikio, mkikosa mwanzo sirudii.

Hapo zamani, tena si zamani sana maana magari yalikuwepo, palikuwa na nchi ya wanyama yenye kilima kimoja, chemchemi moja na mkubwa mmoja. Mkubwa huyo aliitwa Fisi Madoa. Chemchemi ilikuwa ya wote mpaka siku Fisi Madoa alipoizungushia uzio wa miiba, akatia mlango, akatia kufuli, akaning'iniza ufunguo shingoni mwake. Tangu siku hiyo, ukitaka kata moja ya maji unaleta kapu la mtama. Huna kapu, huna kata. Fisi hali mtama, mnajua, hata akiwa na njaa hali. Lakini aliutaka, akaujaza ghalani mpaka ukaota.

Wanyama walipanga foleni tangu alfajiri. Fisi Madoa aliamka jua likiwa juu. Alipiga miayo, akajikuna, akaja kufungua kufuli akijisikia.

Katika foleni ile alikuwemo Nguchiro. Nguchiro ni kile kijinyama chembamba, mkia mrefu, macho mekundu, nyoka anakiogopa. Alikuwa dalali wa magari, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Siwema. Ndiyo maana wote walimwita Mama Siwema. Siku moja ya kiangazi Siwema aliumwa homa, midomo ikapasuka kwa kiu. Nguchiro akambeba mpaka kwenye foleni, akamkuta Ngiri mbele yake.

Akamwambia, "Baba Ngiri, naomba unipishe. Mtoto hali yake mbaya."

Ngiri akageuza kichwa, akamtazama mtoto, akageuza tena. "Kila mtu na zamu yake, Mama Siwema."

Akamwomba Swala. Swala akasema, "Kila mtu na zamu yake, Mama Siwema." Akamwomba Nungunungu. Naye akasema vilevile, tena kwa upole, na upole wake ndio uliouma zaidi.

Siwema alikufa pale pale kwenye foleni, kabla kufuli halijafunguliwa. Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa wa tano kutoka mbele. Msiniulize nilikuwa mnyama gani.

Sasa, juu ya kilima kulikuwa na yadi ya magari. Mwenye yadi alikuwa Nyumbu. Msimu wa kuhama ulipofika, Nyumbu akahama na wenziwe, wakafika mtoni, mamba akamla. Funguo za yadi zikabaki kwa Nguchiro, na ndani ya yadi lilibaki gari moja.

Lakini gari! Jekundu, jipya kabisa, limelala chini kiasi kwamba kuku angelivuka kwa kuruka mara moja. Lina viti viwili tu. Halibebi gunia, halibebi mgonjwa, halibebi mama mkwe. Kazi yake ni kukimbia na kutazamwa. Na viti vyake bado vilikuwa vimevikwa nailoni ya kiwandani. Ukikaa inalia, nyaku-nyaku! Kule kwetu gari jipya linajulikana kwa nailoni. Mtu anaweza kuendesha miaka mitano, anatoka jasho mgongoni, nailoni haitoi, watu wajue kuwa gari bado jipya.

Nguchiro akachukua kitambaa, akakaa barazani pa yadi, akasugua gari siku tatu. Siku ya nne Fisi Madoa akapita chini ya kilima. Akaona kitu kinang'aa. Akapanda mbio, hata pumzi hana.

"Hiihihi! Mama Siwema, hili gari la nani?"

"La anayeliweza, Mkubwa."

Fisi Madoa akaingia ndani. Nyaku-nyaku! Akajitazama kwenye kioo, akajipenda. Akashika usukani, akasema vruuum kwa mdomo wake mwenyewe.

"Bei?"

"Bei yake kubwa, Mkubwa. Tuwaite watu."

Hapa lazima niwaeleze desturi. Kule kwetu hakuna anayenunua kitu kwa bei ya kwanza, hata chumvi. Ukilipa ulichotajiwa, wanakuuliza kama unaumwa. Biashara kubwa inapatanwa mbele ya watu, na kila bei ikishuka, watu wanapiga vigelegele. Mkishapeana mikono juu ya vigelegele, imekwisha, hairudi. Na Fisi Madoa alipenda vigelegele kuliko alivyopenda mifupa.

Wanyama wote wakapanda kilimani. Nguchiro akasimama juu ya tairi ili aonekane.

"Bei ya gari hili ni kiti chako cha ukubwa, ghala lako la mtama, malisho yako ya bondeni, na chemchemi."

Watu wakaguna. Fisi Madoa akaruka. "Unaniibia! Punguza!"

"Nitapunguza, Mkubwa. Lakini wewe ukipunguza, na mimi napunguza. Bei ikishuka, natoa kitu kimoja kwenye gari. Nikitoa nitakitaja, sifichi."

"Nailoni isiguswe!"

"Nailoni haiguswi, Mkubwa."

"Basi punguza!"

"Nimepunguza. Kiti cha ukubwa baki nacho. Na mimi natoa breki."

"Breki ni nini?"

"Ni kitu cha kusimamishia gari."

Fisi Madoa akacheka mpaka akashika mbavu. "Hiihihi! Mimi nimsimamie nani? Wao ndio wanisimamie mimi. Toa!"

Nguchiro akaingia chini na spana. Kwaru-kwaru, kacha! Breki zikatoka. Wanyama wakapiga vigelegele, lililililii! Fisi Madoa akazunguka gari, akalikuta linang'aa vilevile.

"Punguza tena!"

"Nimepunguza. Ghala baki nalo. Na mimi natoa giaboksi."

"Inaonekana kwa nje?"

"Haionekani, Mkubwa."

"Toa!"

Akaingia chini na spana. Kwaru-kwaru, kacha! Giaboksi ikatoka, nzito, ina mafuta meusi. Fisi Madoa akakunja pua. Lililililii! Akazunguka gari. Linang'aa vilevile.

"Punguza tena!"

Nguchiro akaweka spana chini, kama anayeumia moyoni. Nami nawaambia aliumia kweli, ila si kwa sababu ya gari.

"Mkubwa, unanimaliza. Haya, nimepunguza. Malisho baki nayo. Na mimi natoa injini."

Kobe, aliyekuwa amekaa mbele, akafungua mdomo aseme neno. Ngiri akamkanyaga. Hakuna aliyetaka kumfundisha Fisi Madoa, kwani siku zote mwenye kumfundisha Fisi alikuwa analiwa. Basi tukanyamaza, kazi ambayo tulikuwa tumeizoea.

Fisi Madoa akauliza, "Injini ina nini?"

"Ina masizi, ina moto, ina kelele."

"Iko wapi?"

"Fungua mbele utazame."

Fisi akafungua mbele. Magari ya aina ile injini iko nyuma ya viti. Mbele pana kijisanduku cha kuwekea mkoba. Fisi akachungulia, akaona patupu, akapiga makofi.

"Umeshaitoa! Na gari halijapungua kitu! Hiihihi! Kumbe nilikuwa nalipia masizi!"

"Bado, Mkubwa. Natoa sasa." Akaingia nyuma na spana. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, mpaka jua likapinda. Kacha! Injini ikashuka, tii! Lililililii!

"Sasa bei imebaki chemchemi tu," Nguchiro akasema.

"Kile kidimbwi? Punguza!"

"Mkubwa, nikipunguza tena natoa nailoni."

Fisi Madoa akaikumbatia nailoni, nyaku-nyaku! "Weee! Thubutu! Chukua kidimbwi chako." Akavua ufunguo shingoni, akampa. Wakapeana mikono. Wanyama wakapiga vigelegele mpaka ndege wakahama mitini.

"Nisukumie kidogo, Mama Siwema, niondoke kwa heshima."

Nguchiro akaweka mabega yake madogo nyuma ya gari, akasukuma. Yadi iko juu ya kilima, nimeshawaambia. Gari likaanza, shwaa! Likaongeza, shwaaaa! Fisi Madoa akapunga mkono kushoto, akapunga mkono kulia. "Mnaona! Linakwenda bila masizi!" Likapita mizinga ya nyuki, zzzz! Likapita shamba la Swala, fyeka-fyeka! Fisi akatafuta kitu cha kusimamishia. Akakumbuka alikuwa amekipunguza. Likaingia kwenye lambo lililokauka, puu!

Vumbi likatulia. Gari likawa limekaa katikati ya lambo, limebonyea mbele, nailoni iko salama. Fisi Madoa akatoka akichechemea. Akatutazama, tukamtazama. Angesema ameibiwa, tungecheka. Na kuchekwa ndicho kitu pekee alichokiogopa duniani.

Akasema, "Gari zima kabisa. Nimelisimamisha hapa makusudi. Njooni msukume."

Mnacheka? Mnadhani hatukusukuma? Katika bei yote ile hakuna aliyetaja meno. Kiti alibaki nacho, ghala alibaki nalo, na meno alibaki nayo yote. Basi kila asubuhi tulisukuma gari la Fisi Madoa kuzunguka nchi, yeye amekaa kwenye nailoni anapunga mkono. Ngiri akapewa kazi ya kuwa injini. Alikimbia ubavuni akisema vruuum, vruuum, na akichoka kusema, Fisi anauliza mbona injini imezima.

Lakini maji tulikuwa nayo, jamani. Nguchiro alifungua kufuli siku ile ile. Tulikunywa, tukaoga, tukamwagiana. Tulilia kwa furaha. Tulimbeba Nguchiro mabegani, tukamwimbia. Yeye hakuimba.

Wiki ya kwanza maji yalikuwa bure. Wiki ya pili Nguchiro akasema uzio umelegea, kila mtu alete fito mbili. Tukaleta. Wiki ya tatu akasema kata zinavunjika, kila mtu alete kikapu kidogo cha mtama. Tukaleta. Wiki ya nne tulifika alfajiri tukakuta mlango umefungwa, kufuli lile lile, ufunguo shingoni mwake. Shingo yake nyembamba, ufunguo ulimwinamisha.

Akasema, "Kapu la mtama, kata moja ya maji."

Tukatazamana. Ngiri, aliyekuwa wa kwanza, mgongo umemvimba kwa kusukuma, akasema, "Mama Siwema, sisi ni wenzio. Punguza."

Nguchiro akamtazama muda mrefu. "Nimepunguza," akasema. "Lete nusu kapu." Akachukua kata ya Ngiri iliyojaa, akaiinamisha, akamwaga nusu ndani ya chemchemi. Chwaa.

"Mama Siwema, nina watoto. Punguza."

"Nimepunguza. Lete konzi moja." Akainamisha tena. Chwaa. Chini ya kata yakabaki maji ya kulowesha ulimi tu.

Ngiri akapiga magoti. "Mwanangu mdogo ana homa, Mama Siwema. Kwa ajili ya mwanao, nipishe nichote mwenyewe."

Chemchemi tu ndiyo iliyosikika. Nguchiro akaitazama foleni yote, mmoja mmoja, akafika kwangu. Nikatazama chini.

"Mnaniita Mama Siwema kila siku," akasema. "Huyo Siwema yuko wapi?"

Ngiri akatazama kata yake.

"Basi kila mtu na zamu yake, Baba Ngiri. Anayefuata!"

Anayefuata akasogea. Sote tukasogea hatua moja. Kwa mbali tukasikia Fisi Madoa anapiga honi kwa mdomo, pii-pii, anaita wasukumaji, na waliokwisha kunywa wakaondoka kwenda kusukuma.

Ngano yangu imezimika hapo, na haina injini ya kuiwasha tena. Mwenye kuitaka aisukume mpaka kwao.

Funzo lake? Lipo, hakuna ngano isiyo na funzo, mama zenu wangenisema. Funzo ni hili, watoto wangu: mkienda kununua kitu, chochote kile, ombeni mpunguziwe. Ombeni tena na tena, wala msione haya. Watu wa sokoni wana huruma sana.

Haya, mmoja wenu aniletee maji, koo limekauka. Usijaze, mwanangu. Nimezoea nusu.