Jina la Binti wa Atuganile

Sogeeni karibu, mnisaidie jambo lililonishinda kuamua.

Kulikuwa na wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Sekela, mpiga picha za ultrasaundi katika zahanati moja huko Tukuyu, alikuwa na jicho la subira. Nesi Bupe, wa zahanati hiyohiyo, alisema kweli bila kuumiza. Nyamizi, daktari wa upasuaji wa watoto mjini, alikuwa na mkono usiotetemeka.

Atuganile alipofika kupimwa, mimba ilikuwa ya miezi sita. Figo za mtoto zilionekana, kibofu hakikuonekana. Mwingine angesema mtoto amekojoa tu, kitajaa tena, basi. Sekela akamwambia, "Dada, pumzika nje, nitakuita." Alimtazama mara tatu asubuhi ile. Kibofu hakikujaa hata mara moja. Akaandika: kibofu kiko nje ya tumbo.

Alipoambiwa, Atuganile akarudi nyumbani, akaapa kuzalia hukohuko. "Mwanangu si wa kushangaliwa," alimwambia mumewe, Ambakisye.

Bupe akapanda mlima kwa miguu kuwafuata. Akawachorea tumbo la mtoto kwenye karatasi.

"Ni maumbile tu, mama. Hukukosea kitu, wala hakuna aliyekuloga."

"Atapona?" Ambakisye akauliza.

"Sitawadanganya, baba. Atapasuliwa na daktari wa watoto mjini, pengine zaidi ya mara moja, na huenda akachelewa kuzuia mkojo. Lakini figo zake ni nzima. Atacheza, atasoma. Uamuzi ni wenu."

Atuganile alilia kwa muda mrefu. Kisha akafuta macho. "Huyo daktari yuko wapi?"

Walishuka mjini mapema. Siku ya pili baada ya binti kuzaliwa, Nyamizi alisimama kwa muda wa saa saba akimpasua, akakirudisha kibofu ndani na kulifunga tumbo. Alipotoka, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. "Ameanza vizuri," alisema, akaketi sakafuni palepale.

Sasa mtoto ana miezi mitatu, ananyonya kwa pupa, na jina hana.

"Aitwe Nyamizi," asema baba. "Mkono wake ndio uliomtengeneza."

"Sekela," asema bibi yake mtoto. "Asingeona yeye, nani angejua?"

"Bupe," asema mama. "Bila yeye ningejifungulia jikoni."

Jina ni moja, na padri anabatiza Jumapili. Haya, nanyi mmesikia yote: mngekuwa wa nyumba ile, mngemwita nani?